Nyumba Ni Yako, Je, Haki Unayoipangisha?

Tarehe 24 Agosti 1988, mwanamke mmoja mzee wa Muleba, mkoani Kagera, aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia halali. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake, tarehe 25, mwanaukoo mmoja alikwisha fungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai mauzo yale ni batili kwa kuwa mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mnunuzi aliyelala usiku ule akijihesabu mwenye shamba aliamka mdaiwa mahakamani. Wanasheria wa Tanzania wanalijua shauri hilo kwa jina la Ephraim dhidi ya Pastory, na wengi hulitaja kama hatua kubwa ya haki za wanawake, jambo ambalo ni kweli kabisa. Lakini ni wachache wanaolisoma kutoka upande wa yule aliyetoa fedha, na upande huo una somo zito kwa kila anayenunua, kujenga na kupangisha katika Bukoba na Muleba.

Mahakama ya Kashasha ilikubaliana na mdai: mauzo yafutwe, fedha zirudishwe. Ilitegemea kanuni za urithi za sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, ambazo zilimpa mwanamke haki ya kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake bila haki ya kuiuza. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua uamuzi huo, ikasema Katiba imewapa wanawake na wanaume haki sawa. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Ila jaji hakufuta haki ya ukoo. Alisema ardhi ya ukoo ikiuzwa kwa mtu wa nje bila ridhaa ya wanaukoo, mwanaukoo anaweza kuikomboa kwa kurudisha bei, na akatoa miezi sita. Ikipita, ardhi inabaki mali ya mnunuzi. Kwa hiyo mnunuzi alikaa mwaka mmoja na nusu mahakamani, kisha akaongezewa nusu mwaka wa kungoja kama ukoo utaleta fedha. Fikiria angekuwa amekwisha mwaga zege la msingi.

Hoja yangu inaanzia hapo. Tunapozungumza juu ya mwenye nyumba kufuata sheria, mawazo hukimbilia kodi za serikali na mikataba ya wapangaji, kana kwamba hatari yake inatoka kwa afisa wa mapato au kwa mpangaji asiyelipa. Katika Kagera hatari kubwa zaidi iko chini ya nyumba yenyewe: mwenye nyumba anapangisha haki ambayo hajahakikisha kama anayo yote. Akiihakikisha, mambo mengine ya kisheria huwa mepesi. Asipoihakikisha, hata mkataba uliopigwa muhuri na mwanasheria unakaa juu ya mchanga.

Mkoa huu uliwahi kuona kundi zima la wamiliki likipoteza ardhi kwa sababu hiyo hiyo. Katika mfumo wa nyarubanja, mukama, yaani mfalme wa Kihaya, aliwagawia ndugu na watumishi wake maeneo makubwa ambayo mara nyingi yalikwisha kuwa na watu na migomba yao. Watu wale wakageuzwa kuwa batwarwa, wapangaji wa kulipa mazao na kazi kila mwaka juu ya vibanja walivyovitunza wenyewe, na mtwazi akawa bwana wao. Utawala wa kikoloni uliukuta mfumo huo, na Cory na Hartnoll waliuandika pamoja na mila nyingine za Wahaya katika kitabu chao cha mwaka 1945. Kuandikwa kwenye kitabu hakukuuokoa. Mwaka 1965 Bunge lilitunga sheria mahsusi ya kuumaliza umiliki wa nyarubanja, na mwaka 1968 sheria nyingine ikaeneza ukombozi huo kwa wapangaji wa kimila nchi nzima. Umiliki ukahamia kwa aliyekuwa akilima. Mtwazi aliyeamini kwamba haki yake ni ya kudumu kwa sababu babu yake alipewa na mukama aligundua kuwa haki isiyo na ridhaa ya wanaoiishi ina maisha mafupi. Naamini uamuzi wa mwaka 1965 ulikuwa wa haki. Ninautaja ili mwenye nyumba wa leo aone kwamba umiliki una historia, na historia hiyo inaweza kumgeukia.

Sheria inayotawala sasa ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Chini yake ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mtu binafsi humiliki haki ya kuitumia. Aliye ndani ya mipaka ya Manispaa ya Bukoba, tuseme Kashai, Hamugembe au Rwamishenye, hutafuta hati baada ya kiwanja kupimwa. Aliye kijijini Muleba hushughulika na halmashauri ya kijiji, na hati yake ni ya hakimiliki ya kimila. Mtu wa nje ya kijiji hawezi kununua kibanja kijijini kama anavyonunua pikipiki. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Watu wengi hudhani saini ya mwenyekiti kama shahidi kwenye karatasi ya mauzo inatosha. Haitoshi. Mwenyekiti ni mtu mmoja, nayo halmashauri hufanya uamuzi katika kikao, na kikao huacha muhtasari. Anayenunua na aombe nakala ya muhtasari huo.

Juu ya ridhaa ya kijiji kuna ridhaa ya nyumbani, na hiyo ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kuweka rehani au hata kupangisha nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Neno kupangisha limo mle, na wengi hawalijui. Mwanamume anayeishi Mwanza akaamua kupangisha nyumba ya ndoa yao ya Bukoba bila mkewe kuafiki anampa mpangaji kitu ambacho mke anaweza kukipinga. Kisha kuna ukoo. Kibanja cha Mhaya hakina migomba na mibuni peke yake, kina makaburi. Ndugu aliyezikwa nyuma ya nyumba ana watoto, na watoto hao hawatamtazama mnunuzi kama mgeni wa kawaida. Mirathi ambayo haijafunguliwa ni mlango ulio wazi: anayeuza au kupangisha mali ya marehemu bila kuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi anatoa kisicho chake, hata kama ndiye kifungua mimba na ndiye anayetunza shamba.

Msomaji wa Kagera ana jibu tayari: sisi tunajuana. Kila mtu anajua mpaka wa kibanja cha fulani unaishia wapi, wazee wapo, miti ya mipaka ipo. Hoja hii ina uzito, na siidharau. Ushahidi wa majirani na wazee husikilizwa mabarazani hadi leo, na mara nyingi unasema kweli kuliko karatasi iliyochapwa kwa haraka mbele ya dalali. Lakini kujuana kuna umri. Mzee anayejua mpaka atakufa, na sheria ya ukomo inatoa miaka 12 tu ya kudai ardhi. Muda huo ni mfupi kuliko kumbukumbu ya familia mbili zilizogombana. Tena kujuana hufanya kazi vizuri pale pasipo na fedha nyingi. Kibanja kikishapakana na barabara ya lami, fremu zikajengwa, kodi ikaanza kuingia kila mwezi, watu waliokaa kimya miaka kumi huanza kukumbuka mambo. Kashasha mwaka 1988 watu walijuana vizuri sana, ndiyo maana shauri lilifunguliwa siku moja tu baada ya mauzo.

Ridhaa zikishapatikana, linakuja jengo lenyewe. Kibali cha ujenzi cha halmashauri huonekana kwa wengi kama karatasi ya kumlisha ofisa. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu wasiopungua 16 walikufa, mamia walijeruhiwa, na zaidi ya nyumba 800 zilibomoka, mbali na zile zilizopata nyufa. Nyingi zilikuwa za tofali zilizounganishwa kwa udongo, bila linta wala mkanda wa zege wa kuzishika kuta pamoja. Kibali hakizuii tetemeko, lakini mchoro uliopitiwa na mhandisi huuliza mkanda uko wapi, na swali hilo peke yake linaweza kuokoa watu sita wanaolala katika vyumba sita vya kupangisha. Sheria ya Ardhi nayo ina jambo ambalo wenye nyumba wengi wa Bukoba hawakulijua siku ile: nyumba iliyopangishwa ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isifae kukaliwa, deni la kodi husimama mpaka itengenezwe, na isipotengenezwa ndani ya miezi sita mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Aliyekuwa anadai kodi ya chumba chenye ufa wa kupitisha mkono alikuwa anadai asichostahili.

Wanunuzi wa viwanja vya kando ya ziwa na kando ya mto Kanoni wana tahadhari yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Mandhari ya Ziwa Viktoria huuza kiwanja haraka, na dalali hatakupimia mita 60. Pima mwenyewe, kwa kamba ikibidi, kabla ya kulipa.

Sasa mpangaji. Nchi hii iliwahi kuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyowekea mipaka kodi na uwezo wa kumtoa mpangaji. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji unasimama juu ya Sheria ya Ardhi na juu ya walichokubaliana. Hakuna kifungu kinachomkataza mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hakuna kinachomlazimisha mpangaji kuitoa. Ombwe hili naliona ni kosa la watunga sheria, kwa sababu linamwacha mnyonge zaidi wa wawili hao mikononi mwa mwenzake. Ila ombwe hilo si pana kama wenye nyumba wanavyodhani. Pango la mwaka mmoja au pungufu linaweza kufanywa kwa mdomo, na sheria huliheshimu. Mtu akiruhusiwa kukaa kwa kulipa kila mwezi bila maandishi, sheria inamhesabu mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na notisi ya kumtoa haiwezi kuwa fupi kuliko mwezi huo, nayo inatakiwa iishie siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo kauli ya kwamba hana mkataba, naweza kumtoa leo, inapingana na sheria: kukosa maandishi kunamletea mpangaji ulinzi ambao mwenye nyumba hakuupanga. Mpangaji anastahili pia kukaa kwa amani bila kusumbuliwa. Kung'oa mlango, kuezua bati, kuongeza kufuli juu ya kufuli lake au kutoa vyombo vyake mvuani ni kumpa sababu ya kudai fidia, hata kama kweli anadaiwa miezi minne.

Wenye nyumba watasema, na wana haki ya kusema: sheria inamlinda mdaiwa sugu. Mtu anakaa bure, mwenye nyumba ni mjane anayetegemea vyumba vitatu vya Kashai kusomesha watoto, na shauri linasogezwa tarehe baada ya tarehe. Malalamiko haya ni ya kweli. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30, ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo husikiliza madai ya mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Huo ni mzunguko kwa mtu anayedai laki moja na nusu. Lakini tazama kinachokula muda mabarazani. Pande mbili hubishana kama kulikuwa na mkataba, kodi ilikuwa kiasi gani, notisi ilitolewa lini, nani alipokea fedha. Mwenye nyumba mwenye mkataba wa ukurasa mmoja, daftari la malipo lenye saini za pande zote mbili na nakala ya notisi iliyopokelewa amekwisha jibu maswali yote manne kabla mwenyekiti wa baraza hajafungua jalada. Ucheleweshaji unaobaki ni wa serikali, na serikali iulizwe. Ule mwingine ni wa mwenye nyumba.

Kuna hila moja ya lugha inayotutatiza. Kiswahili chetu hulipa neno kodi kazi mbili: anacholipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na anacholipa mwananchi kwa serikali. Mwenye nyumba anapokea kodi na anadaiwa kodi, na za kudaiwa ni zaidi ya moja. Mwenye hati hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa pale umeme unaponunuliwa. Kuanzia Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Hapa pana dhuluma ndogo inayopita kimya kimya: anayenunua luku ni mpangaji, ilhali mdaiwa ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwaminifu ataandika kwenye mkataba kwamba makato hayo yatapunguzwa kwenye pango. Anayepangisha fremu kwa mfanyabiashara akumbuke kodi ya zuio: mpangaji huyo anatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, kwa hiyo mwenye fremu asimshuku kuwa anamwibia, bali adai uthibitisho wa malipo. Anayeuza naye, kwa faida aliyoipata juu ya ardhi au jengo, hudaiwa asilimia 10, ingawa sheria imetoa nafuu kwa nyumba ya kuishi mwenyewe na kwa shamba dogo.

Ushuru wa stempu naupa nafasi yake, kwa sababu ndio unaodharauliwa zaidi na ndio unaouma kwa namna isiyotarajiwa. Kwa mkataba wa pango ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi kina kodi ya 480,000 kwa mwaka, na ushuru wake ni 4,800. Mkataba ambao haukulipiwa ushuru haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Mwenye nyumba aliyeokoa shilingi 4,800 husimama mbele ya baraza akiwa na karatasi ambayo baraza haliruhusiwi kuisoma, huku mpangaji akitabasamu.

Pingamizi la mwisho ni la gharama: upimaji, hati, kibali, stempu, muhtasari, nauli ya kwenda na kurudi ofisini. Kwa mtu wa Nshamba au Kamachumu mwenye vyumba viwili vya uani, jumla hiyo inaweza kumeza mapato ya miezi mingi, na kumwambia atimize yote kesho ni kutomjua. Mimi namwambia aanze na yasiyo na bei. Kikao cha familia hakina ada. Ridhaa ya mke au mume iliyoandikwa kwa mkono na kusainiwa mbele ya mashahidi haina ada. Daftari la malipo ni la bei ya kilo chache za ndizi. Hati na upimaji vifuate kadiri mfuko unavyoruhusu, na halmashauri zetu zingefanya jambo la maana kama zingepima mitaa kwa pamoja na kuwagawia wakazi gharama, badala ya kumwachia kila mmoja amtafute mpimaji wake.

Mabaraza ya Ardhi na Nyumba yako Bukoba na Muleba, na siku za kusikiliza mashauri milango huwa wazi. Ndugu mwenye nyumba, na wewe unayekusanya fedha ununue kibanja, tenga asubuhi moja ukakae kwenye benchi la nyuma usikilize. Kisha rudi nyumbani, wakusanye wenye haki juu ya ardhi hiyo, mwandike mlichokubaliana, na kila mmoja aweke saini yake kabla mpangaji wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo.